Usiwauzie Kilele: Mwongozo Kamili wa Kupanga Ziara ya Msitu wa Kale kwa Mafundi wa Miti, Rungwe na Nyanda za Juu Kusini

Ziara nyingi za Mlima Rungwe huuzwa kwa kilele. Mgeni analipa, anapandishwa hadi karibu mita 2,960, anapiga picha ukungu ukiruhusu, kisha anashuka magoti yakimtetemeka. Mtalii wa kawaida huridhika. Lakini mtu anayekula kwa kukata, kupogoa na kupanda miti amepoteza siku, maana amepita msituni kwa saa nyingi akitazama visigino vya aliye mbele yake.

Mwongozo huu ni wa ziara ya namna nyingine: siku moja, njia fupi, vituo vichache. Ninaowafikiria ni wapogoaji wa miti ya barabarani na ya mashuleni, vijana wanaofyeka chini ya nyaya za umeme, wenye vitalu vya miche, wakulima wa parachichi wanaopogoa wenyewe, wasimamizi wa miti ya kivuli kwenye chai ya Tukuyu na Mufindi, maofisa misitu wa halmashauri, na wenzetu wa misindano kule shamba la miti la Sao Hill. Hawa hawahitaji hotuba ya faida za miti. Wanachohitaji ni kuona mti unavyojiendesha mahali ambapo panga lao halijafika.

Hatua ya kwanza: pata swali kabla ya kutafuta basi

Kabla hujapiga simu hifadhini, wapigie watatu au wanne kati ya wanaokuja. Waulize: kazini kwako sasa hivi, mti gani unakusumbua? Majibu yao ndiyo yatakayochagua njia. Mpogoaji wa Jiji la Mbeya atakutajia migrivilea iliyokatwa kichwa, ikachipua fimbo nyingi zinazokatika upepo ukivuma. Mwenye kitalu atalalamika kwamba miche ya miti ya asili inamfia ikishatolewa kivulini. Mtu wa chai atauliza kwa nini michai inakufa duara duara pale palipokuwa na mti mkubwa zamani.

Hebu tulichukue hilo la chai, kwa sababu linaonyesha jinsi swali linavyojenga ziara nzima. Vifo vya duara mara nyingi ni kazi ya Armillaria, kuvu ya mizizi inayobaki kwenye visiki na mizizi ya msitu uliofyekwa, kisha inahamia kwenye zao jipya. Tangu miaka ya 1930, wataalamu wa chai wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, walikuwa wakishauri mti ubanduliwe gome kuzunguka shina na uachwe umesimama kwa muda kabla ya kuangushwa. Mizizi humaliza wanga wake, na kuvu ikija inakuta ghala tupu. Sasa mpeleke mtu wa chai msituni. Kuvu za jamii hiyo zimo humo tangu zamani, zinakula magogo na visiki, na msitu umesimama. Atatoka akijiuliza amewaachia chakula gani chini ya ardhi pale shambani, na hilo ni swali analoweza kulifanyia kazi kesho yake.

Maswali mawili yanatosha kwa siku. Matatu tayari ni semina.

Hatua ya pili: chagua msitu unaojibu swali hilo

Kwa kundi linalotoka Mbeya, pa kuanzia ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kutoka jijini hadi Tukuyu ni kama kilomita 70 za lami, na msitu uko juu yako ukiwa bado kwenye barabara kuu. Ukipanda unapita kanda moja hadi nyingine kwa mwendo wa miguu: misitu ya majani mapana chini, mianzi juu yake, kisha nyasi na vichaka vya baridi karibu na kilele. Humu ndimo anamoishi kipunji, tumbili aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2003 na kutangazwa mwaka 2005. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, jenasi ya kwanza mpya ya nyani na tumbili wa Afrika tangu mwaka 1923. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kwa jina muda wote huo. Habari hiyo ina kazi kwenye ziara yako, nami nitairudia nikifika kwa waongozaji.

Lakini usiwaambie watu kwamba Rungwe yote ni msitu usioguswa. Pembezoni pamepasuliwa mbao, pamechomwa mkaa, na moto umepanda kutoka mashambani. Hata mlima wenyewe si mzee kihivyo: ni volkano, na kama miaka 4,000 iliyopita ililipuka vikali ikatandaza pumisi juu ya nchi nzima ya jirani. Mtu akichota udongo mkononi ataona vijiwe vyepesi vyenye vitundu. Kwa fundi wa miti huu si upungufu hata kidogo. Ndani ya mwendo wa saa moja unaweza kumwonyesha msitu uliokatwa, msitu unaojirudia, na msitu mkongwe, akalinganisha kwa macho yake.

Kama swali la kundi ni kurudisha miti ya asili, ongeza Bujingijila. Ni ushoroba mwembamba unaounganisha msitu wa Rungwe na ule wa Livingstone ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Ukitaka kuingia Kitulo kwenyewe utashughulika na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ofisi tofauti na taratibu tofauti. Kitulo ilitangazwa mwaka 2005 na wengi wanaijua kwa maua ya uwandani. Msitu wake wa kwenye miteremko hauzungumzwi sana, ila kwa kazi yetu ndio wenye somo.

Walioko Iringa wana Udzungwa. Huko ni Tao la Mashariki, milima ya miamba mikongwe mno ambayo misitu yake imenyweshwa na unyevu wa Bahari ya Hindi kwa mamilioni ya miaka. Ukitaka umri wa kweli wa msitu, nenda huko. Tatizo ni kwamba kufika msitu wa Ndundulu kupitia kijiji cha Udekwa, Wilaya ya Kilolo, si safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Panga kulala porini, wapagazi, na watu wenye miguu. Kundi lenye mafundi wa umri wa kustaafu nisingelipeleka huko kwa mara ya kwanza. Mabaki ya msitu yaliyozungukwa na chai kule Mufindi yanatosha, tena yako karibu na misindano, hivyo ulinganisho uko mlangoni.

Hatua ya tatu: vibali, na wazee

Andika barua kwa mhifadhi mapema, mwezi mmoja kabla si vibaya. Taja idadi ya watu, kazi zao, tarehe mbili (moja ya akiba), njia unayoiomba, na vitu mnavyotaka kufanya ambavyo mtalii hafanyi: kupima mzingo wa miti, kugonga mashina kwa nyundo ya mbao, kuchoma nondo nyembamba ardhini. Hicho cha mwisho kiombe kwa maneno kabisa. Hifadhi ya mazingira asilia ndiyo daraja la juu la ulinzi chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na mtu akionekana anachimbua chini ya mti bila idhini, maelezo yatakuwa marefu. Kuchukua mbegu, gome, okidi au mche hairuhusiwi, hata ukiwa na kitalu na nia njema. Waambie wenye vitalu mapema, tena mmoja mmoja, kwa kuwa hao ndio mifuko yao hujaa.

Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, ile kontroo namba, kabla ya siku. Viwango hubadilika, basi uliza ofisini mwezi huo huo unaokwenda. Stakabadhi zitembee na wewe.

Kisha nenda kwa mwenyekiti wa kijiji kilicho mlangoni mwa njia. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe wa simu. Baadhi ya vichaka na maeneo ya maji huku yana heshima zake za kimila, na wanaojua ni wazee wa pale. Uliza: kuna mahali tusipopita? Kuna mahali tusipopiga kelele? Ukijibiwa, andika, na ulifanye kuwa sehemu ya maelekezo ya asubuhi bila kulitania. Mara nyingi mti mkubwa kuliko yote eneo zima umesalia kwa sababu hiyo hiyo.

Hatua ya nne: tembea njia kwanza, chagua vituo

Hapa ndipo ziara inapotengenezwa, na hapa ndipo pesa ya maandalizi iende. Tembea njia nzima na mwongozaji utakayemtumia, wiki moja au mbili kabla. Usitafute mandhari. Tafuta miti mitano au sita ambayo kila mmoja unaonyesha jambo moja, ndani ya kilomita mbili za kwenda. Ninayopendekeza ni haya.

*Ukingo.* Simama pale shamba la viazi au chai linapogusana na msitu. Utakuta Macaranga na Maesa, miti yenye haraka inayopenda mwanga, imesongamana kwa vimo vinavyokaribiana. Watake watu wahesabu tabaka za majani kuanzia chini hadi juu. Hapa watapata mbili, labda tatu. Waambie wakumbuke hesabu hiyo. Ukikuta shimo la wapasua mbao wa zamani, lile walilosimama mmoja juu na mwingine chini na msumeno katikati, usilipite. Litazame limeota nini na limekosa nini. Miti iliyovunwa si lazima irudi kwa mfuatano ule ule. Mkulo, kwa mfano, hutegemea sana machipukizi ya mizizi yake, na imeonekana kwenye milima yetu kwamba ukishavunwa sana, Macaranga hushika nafasi na kuikalia.

*Mti mkubwa wenye kovu.* Hiki ndicho kituo cha kukaa muda mrefu kuliko vyote. Kipe dakika arobaini. Chagua mti mnene ulio hai, iwe Ficalhoa au mkenge, uliowahi kupoteza tawi kubwa kwa upepo. Uwe na kovu linaloonekana kutoka chini, na ikiwezekana uwazi kwenye shina. Usianze kueleza. Mpe mmoja wao nafasi:

"Fundi, huu ungekuwa uwanja wa shule, ungeufanyaje?"

"Ah, huu mzee tunaulaza. Tundu lote hilo?"

"Una umri gani unadhani hilo tundu?"

Hapo ndipo mzee wa kijiji anapoingia: "Mwanangu, mimi hilo tundu nimelikuta."

Sasa unaweza kueleza. Mti hauponi kwa kutengeneza upya sehemu iliyojeruhiwa. Hujenga kuta za kikemikali na za seli kuzunguka uozo, kisha huendelea kuongeza mbao mpya kwa nje. Alex Shigo wa idara ya misitu ya Marekani alipasua maelfu ya miti kwa chenso kwa urefu wake ili kuyafuata makovu ndani, na mwaka 1977 akachapisha maelezo ya kuta hizo. Matokeo yake yalibadilisha upogoaji duniani: usikate tawi hadi kusawazisha na shina, acha ile shingo iliyovimba pale tawi linapotokea, kwa sababu mlinzi yuko ndani ya shingo hiyo. Rangi na lami za kupaka kidonda hazizuii uozo. Waonyeshe kwenye mti huo huo matawi yaliyojifia yenyewe kivulini: yamekatikia wapi? Karibu kila mara ni nje kidogo ya shingo. Wape darubini. Kuna mafundi wamebishana na mimi kuhusu shingo ya tawi kwa maneno, wakanyamaza walipoishika kwa darubini.

Halafu gongeni shina kwa nyundo ya mbao, kuzunguka, kila mtu kwa zamu, na msikilize sauti inavyogeuka. Wataje kanuni ya Claus Mattheck wa Ujerumani: ukuta wa mbao nzima ukipungua chini ya theluthi hivi ya nusu-kipenyo cha shina, uwezekano wa kuvunjika hupanda. Kanuni hiyo inabishaniwa, haifai kutumiwa peke yake, lakini inamwondoa mtu kwenye mazoea ya kuhukumu mti kwa kuona tundu tu. Mwisho tazameni juu. Mti mkongwe mara nyingi una matawi makavu kileleni na taji jipya la kijani chini yake. Umejipunguza wenyewe ili uendane na mizizi uliyobaki nayo. Mlinganishe na mgrivilea uliokatwa kichwa: mmoja umejishusha polepole kwa miaka, mwingine umeporwa majani siku moja na kujibu kwa fimbo za dharura zilizoshikwa na gome tu.

Mtu atauliza umri. Jibu kwa tahadhari. Miti mingi ya msitu wa tropiki haina duara za mwaka unazoweza kuzitegemea, na unene haukuambii miaka: mche uliokaa kivulini miongo mingi unaweza kuwa mwembamba kuliko mkono. Pimeni mzingo kwa futi ya kitambaa kwenye mita 1.3 kutoka ardhini, andikeni, mwendelee. Mpenzi wa rekodi mweleze habari ya mkukusu wa Kilimanjaro, uliotangazwa mwaka 2016 kuwa na mita 81.5, mrefu kuliko mti mwingine wowote wa asili uliojulikana Afrika. Unaota kwenye bonde lenye udongo mnene na unyevu, mbali na njia za watalii.

*Gogo na pengo.* Tafuta mti ulioanguka na kung'oa mizizi yake. Kwanza tazameni sahani ya mizizi iliyosimama: ina kina gani? Watu hutarajia mzizi mkuu wa kushuka mita tano, wanakuta mkeka mpana usiozidi urefu wa kiuno. Kuanzia hapo hutahitaji hotuba kuhusu mtaro wa bomba la maji unaochimbwa mita moja kutoka kwenye shina. Pili, geukieni gogo. Limefunikwa kuvumwani na kuvu, limeloa hata wakati wa kiangazi, na juu yake kuna miche. Hesabuni aina, hata kama majina hamyajui: jani hili, jani lile. Mwenye kitalu hapa atauona mwanga aliokuwa akiutafuta: si jua kali la shamba wala giza la chini ya mti, ni nuru inayoingia kupitia pengo kwa saa chache. Kivuli cha kitalu chake kinaweza kuiga nuru hiyo.

*Udongo.* Chukua nondo ya milimita 6, urefu wa nusu mita, ncha butu. Mtu mmoja aisukume kwa kiganja katikati ya njia, palipokanyagwa na watu miaka yote. Halafu asogee hatua tatu pembeni, mhifadhi akiwa ameonyesha mahali, asukume tena kwa nguvu ile ile. Njiani inagoma baada ya vidole viwili vitatu. Pembeni inazama hadi mtu anashtuka. Rudisheni majani mlipoyatoa. Jaribio hili huchukua dakika tatu na ndilo watu hulisimulia kwenye basi. Linaeleza kwa nini mti wa stendi au wa soko unakauka taratibu bila ugonjwa: mizizi ya kazi iko juu juu, inahitaji hewa, na udongo uliokandamizwa na magari hauna nafasi ya hewa wala maji.

*Mtini unaokaba.* Ukiupata, simameni kidogo tu. Umeanzia kwenye mbegu iliyodondoshwa na ndege juu ya tawi, ukashusha mizizi hadi chini, ukamzunguka mwenyeji. Watu wa nyaya na majengo wataunganisha wenyewe na mitini inayoota kwenye kuta za mjini.

Okidi na vingine vya namna hiyo, vyote mwongozaji atavitaja mkipita. Usiviwekee kituo. Mianzi pia iache, isipokuwa swali la kundi linaihusu. Kupanda hadi huko kunakula saa mbili zenye thamani.

Hatua ya tano: waongozaji wawili, kundi dogo

Watu wanane hadi kumi kwa mwongozaji mmoja. Wakizidi hapo, wa nyuma hawasikii na wa mbele wanasubiri. Kama umepata ishirini, gawa makundi mawili yaanze kwa kupishana nusu saa, na moja lipitie vituo kinyumenyume.

Kila kundi liwe na mhifadhi au askari wa misitu, pamoja na mtu wa kijiji anayeufahamu msitu kwa miguu yake. Hapa ndipo habari ya kipunji inapohitajika. Watafiti walifuata simulizi za wenyeji, na simulizi zikawa kweli. Mtu wa kijiji atakutajia jina la mti kwa Kinyakyusa au Kisafwa, matumizi yake, na mwaka wa njaa au moto uliobadilisha upande fulani. Mhifadhi atakupa jina la kitaalamu na sheria. Andikeni yote mawili. Jina la kienyeji linaweza kubeba spishi mbili, na la kitaalamu halikwambii kama mbao zake zinapasuka msumari ukipigwa.

Mlipe mtu wa kijiji siku hiyo hiyo, mkononi, kiasi mlichokubaliana kabla, na kiwe sawa na siku ya fundi, maana ndivyo alivyo.

Mtihani mdogo wa mwongozaji wakati wa kutembelea njia: muulize kitu asichokijua. Akisema "hilo silijui, tumuulize mzee", umempata. Akibuni jibu, tafuta mwingine, hata kama Kiingereza chake ni kizuri sana.

Hatua ya sita: msimu, saa na tumbo

Rungwe ni mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka na Machi na Aprili ndio kilele chake, njia zikageuka utelezi. Juni hadi Septemba ni wakati salama, ingawa Juni na Julai baridi ya asubuhi ni ya kweli. Mtu wa Kyela aambiwe alete sweta mbili. Mimi binafsi napenda Oktoba, ardhi ikiwa bado kavu na miti mingi ikitoa majani mapya.

Ondokeni Mbeya saa 12 asubuhi. Barabara ya Tukuyu ina malori ya kwenda mpaka wa Kasumulu na milima ya kutosha, kwa hiyo msidanganyike na kilomita. Saa 3 muwe mnaingia msituni, saa 9 alasiri muwe nje, maana ukungu na manyunyu hupenda kushuka mchana. Coaster moja inatosha kundi la ishirini. Mwambie dereva mapema kama kipande cha mwisho ni cha vumbi.

Chakula kipikwe kijijini. Mbalaga, yaani ndizi za kupika, na maharage, chai ya maziwa, parachichi zenyewe za pale. Kula kuwe baada ya kutoka msituni, isiwe ndani, na msituni watu wabebe karanga, ndizi mbivu na lita moja na nusu ya maji. Maganda ya ndizi nayo yarudi.

Hatua ya saba: usalama, na buti

Mafundi wa miti wana ugonjwa mmoja: hawaogopi miti. Kwa hiyo sema asubuhi, waziwazi: leo hakuna anayepanda mti, hakuna panga isipokuwa la mwongozaji, hakuna kupumzika chini ya tawi kavu linaloning'inia. Kila kituo utakachochagua kitazamwe juu kwanza. Upepo ukivuma kwa nguvu, kundi linageuza, bila kura.

Siafu: suruali iingizwe kwenye soksi. Mimea inayowasha ipo, basi mikono mirefu. Mwenye pumu, kisukari au presha ajulikane kwa kiongozi kabla ya kuondoka, na dawa yake awe nayo mwenyewe. Sanduku la huduma ya kwanza, kamba, filimbi mbili, simu iliyojaa chaji ya mtandao unaoshika eneo hilo. Hospitali ya Makandana iko Tukuyu. Dereva aijue njia.

Sasa buti, jambo ambalo watu hulicheka. Kundi hili linatoka kwenye vitalu, mashamba ya parachichi na misindano, na udongo wa huko unaweza kubeba vimelea vya kuozesha mizizi. Sugueni soli kwa brashi na maji hadi zitakate, kisha mnyunyizie spirti, mlangoni mwa hifadhi. Mkitoka, fanyeni tena. Hata vifaa vya kupimia vifutwe. Ni dakika kumi, na inageuka kuwa somo lenyewe, kwa sababu wengi hawajawahi kufuta msumeno kati ya mti mgonjwa na mti mzima.

Hatua ya nane: kuongoza siku yenyewe

Kila kituo kianze na kimya cha dakika mbili. Watu watazame, waandike kitu kimoja walichokiona na kimoja wanachotaka kuuliza. Daftari dogo na penseli, si kalamu, maana kalamu inakataa karatasi ikiloa. Baada ya hapo wao waanze kusema, mwongozaji amalizie. Mpangilio huu ukiugeuza, mwongozaji akaanza, mafundi watamsikiliza kwa adabu na hawatabisha, wakati kubisha ndiko tulikokujia.

Katikati ya msitu mkongwe, rudini kwenye hesabu ya tabaka mliyoifanya ukingoni. Watapata nne au tano: miche na majani ya chini, vichaka, miti midogo ya kivuli, dari lenyewe, na vinara vilivyolipita dari.

Mkichelewa, ruka kituo. Usiharakishe vyote.

Kuhusu picha: zima alama ya mahali kwenye simu. Mkulo au podo mnene ukipigwa picha ikiwa na ramani yake, ikarushwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili, umewarahisishia kazi wezi wa mbao. Waambie sababu, wataelewa upesi kuliko watalii.

Hatua ya tisa: mti mmoja wa mjini

Ziara iishie kazini. Wakati wa kurudi, simamisha basi mahali penye mti mnaoruhusiwa kuugusa: uwanja wa shule, zahanati, au ofisi iliyokubali mapema kwa barua. Uwe mti wenye kovu la kupogolewa vibaya na udongo uliokanyagwa. Nusu saa. Nondo ile ile ardhini, nyundo ile ile kwenye shina, darubini ile ile kwenye shingo za matawi. Waulize nini wangefanya na nini wangeacha. Mara nyingi pendekezo la kwanza ni kutandaza majani makavu na vipande vya mbao chini ya taji, kina cha vidole vinne, bila kugusa shina, na kuzuia pikipiki kuegeshwa hapo. Hilo linafanyika jioni hiyo hiyo kama mwenye eneo yupo na tawi lililopogolewa lipo.

Kila mmoja aondoke na kazi: achague mti mmoja anaoutunza, aupige picha pande nne kabla ya kuupogoa, apime mzingo, aandike tarehe na mahali alipokata. Mpigie baada ya mvua za masika umwombe picha za pembe zile zile. Ofisi ya hifadhi itumie ripoti ya ukurasa mmoja ndani ya wiki: mlikopita, mizingo mliyopima, miti iliyoanguka njiani, dalili zozote za ukataji mlizoziona. Mwenyekiti wa kijiji apate nakala ya Kiswahili iliyochapishwa kwenye karatasi, pamoja na tarehe mnayoiomba kwa kundi linalofuata.